Mzigo Ulio Nyuma ya Kichwa cha Kezia

Eliza mwanangu,

Umechukua hasira zako ukaenda nazo kanisani kuaga kwaya, Kezia ukamshika mkono, na mimi umeniachia uani kigari kilichokaa kama kuku anayetaka kutaga: makalio chini, pua juu. Nimekizunguka, nikakizunguka tena. Ungewasha taa zake kikiwa vile zingemulika nyota. Wenye malori wanaokuja mbele yako wangekutukana, nawe usingejua wanakutukania nini.

Kusema nimeshasema, na umesikia ulivyosikia. Kwa hiyo naandika. Mtu hawezi kuiambia karatasi, "Mama, unaniaibisha mbele ya shangazi."

Kesho mtapita Mtera, mpande Nyang'oro, mtafute Iringa, halafu Njombe kwenye kazi yako mpya. Wewe kwenye usukani, mwanao nyuma yako, na nyuma ya mwanao mzigo. Nataka mfike. Barua yote hii ni hilo tu, na kama huna muda unaweza kuishia hapa.

Mambo ya kula na kuvaa sikuandikii. Baridi ya Njombe utakutana nayo, itajitambulisha yenyewe. Wagonjwa wako utawajua kuliko mimi. Hata habari ya huyo baba yake Kezia, aliyesema atakuja kuwaaga na mpaka sasa simu yake haipatikani, naipita. Mimi najua kitu kimoja tu maishani kwa uhakika, kubeba vitu vikubwa kwa gari dogo, na nilikijua nikiwa nimechelewa.

Unakumbuka kigari kilipokuja. Tulikuwa tunakodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli, baba yako anashona maturubai, mimi natafuta wenye harusi na misiba, na kila kitu kinakwenda kwa mkokoteni. Siku kigari kilipoingia uani baba yako alifungua mlango wa nyuma, akalaza viti, akaingia akajinyoosha chali. Miguu ikabaki nje. Akasema, "Mama Eliza, hili si gari, hili ni ghala." Tukaamini. Mtu maskini akipata kitu chenye mlango wa nyuma anaona hakina mwisho.

Safari ya kwanza ya ujinga wetu ilikuwa godoro la mdogo wangu wa Kibaigwa. Baba yako aliliweka juu ya paa, akapitisha kamba madirishani, akaizungusha juu, akakaza mpaka bati likalia. Ndipo tukagundua tumeifunga na milango. Ikabidi tuingie kwa madirisha, mimi na kitenge changu, na yule jirani yetu muuza maandazi akasimama kutazama.

"Jamani," akasema, "mnaiba au mnaibiwa?"

Tukaondoka. Baba yako akatoa mkono nje, akalishika godoro kwa vidole vinne. Hili nimelitazama kwa miaka, Eliza, nchi nzima inaamini mkono huo. Kila mwenye godoro juu ya gari ametoa mkono dirishani, amelishika ukingoni, uso umetulia kama mtu aliyeshika fahali pembe. Nilishamuuliza kijana mmoja kwenye foleni ya mafuta, "Sasa hilo likiondoka, wewe utalizuia?" Akanijibu, "Hapana mama, ila nitajua." Ni kweli. Utajua.

Tulipotoka kwenye nyumba tukaingia uwazini, ule upepo wetu usiokuwa na mti wa kuuzuia ukaingia chini ya ncha ya mbele. Godoro likasimama kama mtu aliyeitwa jina. Kamba ikakatika, baba yako akabaki amenyoosha mkono mtupu, na godoro likashuka mbele ya lori la mahindi lililokuwa nyuma yetu. Dereva alikanyaga breki mpaka lori likapiga magoti. Akashuka, akaliburuta hadi pembeni, akaja dirishani kwangu.

"Mama, hili godoro unampelekea nani? Mungu?"

Tulicheka mpaka Kibaigwa. Tulilisimulia kwenye harusi za watu. Miaka ikapita kabla sijajiuliza, na kama nyuma yetu hakukuwa na lori, bali bodaboda na abiria wake? Hapo kicheko kingetoka wapi? Tulipona tukadhani tumejifunza, kumbe tulikuwa tumepata hadithi tu. Godoro linafungwa na puani kwa gari, kwenye ile ndoano ya chini ya bampa, upepo usipate pa kuingilia. Hilo nilikuja kulijua baadaye kwa kuwatazama wanaofika. Waliofika ndio wa kuwatazama. Wanaosifiwa waache.

Halafu Gulwe. Mwalimu mmoja alihamishwa, akatuomba tumpelekee meza yake ya chakula. Meza ilitoka nje nusu nzima, mlango wa nyuma tukauacha wazi, tukaukaza kwa ile mipira inayokatwa kwenye tyubu za matairi. Njiani tukapewa kuku wawili, tukawalaza chini ya meza, nyuma kabisa. Vumbi likawa kali, tukapandisha vioo vyote vya pembeni. Kufika, kuku wamekufa, baba yako kichwa kinampasuka, mimi natapika kwenye ua wa watu.

"Kideri," akasema baba yako akiwatazama kuku.

Ugonjwa gani huo wa kuku unaomtapisha na dereva? Lakini nilikubali, maana unapotapika huna nguvu ya kubishana. Nyumbani ndipo wazo likanijia. Nikafunga kipande cha kanga pale nyuma, mlango ukiwa wazi, nikaendesha huku baba yako amegeuka anakitazama. Kitambaa hakikupepea kwenda nje, Eliza. Kilipepea kuja ndani, kutufuata. Moshi wetu wenyewe ulikuwa unageuka unarudi kuingia kwetu. Nilijiona msomi siku ile. Nikamweleza kila mtu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeligundua jambo moja kwa akili yangu, nikadhani ninayajua yote.

Na hapo ndipo jina lilipoanza. "Mwiteni Mama Eliza, yeye hashindwi." Mtu ana sofa, Mama Eliza. Mtu ana milango ya mninga kutoka kwa fundi, Mama Eliza. Nikifika wanakusanyika kutazama. Napima kwa mikono, nainamisha kiti, nageuza kitu upande, nasukuma kwa bega, na mlango wa nyuma ukijifunga, watu wanapiga makofi. Mwanamke aliyekulia Mvumi akichunga mbuzi wa baba yake, akapigiwa makofi na wenye nyumba za vigae! Sikuwahi kunywa pombe, lakini nadhani ulevi ni kitu kama kile. Nilifika mahali neno "haitoshi" likawa kama tusi mdomoni mwangu. Kukataa mzigo niliona ni kushindwa, na kukataa mzigo wa mkubwa niliona ni kukosa adabu.

Ile siku ya Mvumi unaijua kwa jinsi ndugu wanavyoisimulia. Wanasema ng'ombe. Ajali ya ng'ombe. Wewe ulikuwa chuoni, ukaja kukuta maneno yameshapangwa. Mimi nilikuwa kwenye usukani, na ng'ombe hawana kosa.

Tulikuwa tumemaliza matanga ya bibi yako, mama yake baba yako. Viti vyetu, turubai letu, masufuria yetu, vyote tulipeleka bure maana msiba ni wetu. Kigari kilikuwa kimejaa tayari. Viti vya plastiki vilikuwa vimefungwa kwa mipira, na sufuria kubwa la pilau, lile la kuingia mtoto, limekaa nyuma limejazwa vigingi vya chuma vya turubai, nalo nimelibana kwa mablanketi na mipira mitatu. Lilikuwa limetulia. Nasema tena, lilikuwa limetulia.

Akaja wifi yangu, shangazi yako Mariamu, na chungu. Chungu cha pombe cha bibi yako, kikubwa kama ndama aliyelala, na yeye ndiye binti mkubwa, ni chake. Na kwa ukoo wa baba yako kitu cha marehemu kikishatolewa mlangoni hakirudi ndani. Kinakwenda siku hiyo hiyo na mwenye nacho. Wazee wote wamekaa, wanatazama.

"Wifi, hiki utanibebea," akasema. Hakuuliza.

Ningeweza kusema, wifi, tukodi gari, au turudi kesho kukifuata kwa jirani. Nilikuwa mke wa mdogo wake, wakwe wananitazama, na jina langu ni Mama Eliza ambaye hashindwi. Nikasema, "Weka tu, wifi."

Chungu ni udongo, kinaweza kupasuka. Kwa hiyo nikakifungulia yale mablanketi na ile mipira. Nikalivua sufuria, nikakivika chungu. Nilikifunga vizuri, wazee wakasifu. Shangazi yako akakaa mbele kwa ukubwa wake, baba yako akakaa nyuma ameshikilia chungu katikati ya miguu, na nyuma ya kichwa chake likabaki sufuria la vigingi, halina kitu cha kulishika. Nililiona. Nikajiambia ni zito, litaenda wapi?

Ng'ombe walivuka kwenye kona ya mchanga. Nikakanyaga breki. Gari likasimama vizuri kabisa, Eliza. Hatukumgusa ng'ombe hata mmoja, kigari hakikupata mkwaruzo, mchungaji wao alitupungia fimbo kushukuru. Mimi nikapumua. Ndipo nikasikia kimya nyuma yangu.

Gari ndilo lililokuwa limefunga breki. Sufuria lilikuwa halijafunga, lenyewe lilikuwa bado liko safarini.

Baba yako alikuwa ameinamia chungu. Tulipomgusa alizungumza, na alichouliza kwanza ni hiki: "Kimepona?"

Shangazi yako akakipapasa. "Kimepona, baba."

"Afadhali," akasema. Kisha akasema, "Mama Eliza, mbona miguu yangu siisikii?"

Yaliyofuata unayajua, kitanda, na wewe kumgeuza, na wewe kujifunza uuguzi juu ya mgongo wa baba yako kabla hujafundishwa darasani. Ulisema ndiyo maana unaipenda kazi hii. Mimi ukisema hivyo natoka nje. Alipokufa watu waliniambia nisijilaumu, ni mapenzi ya Mungu, ni ng'ombe. Nimeshamtafuta Mungu kwenye jambo hili, na kila nikimtafuta nakuta sufuria. Tangu hapo viti vinakwenda kwa guta la magurudumu matatu, na kigari nimekitumia kwenda kanisani na sokoni, mpaka ulipopata kazi nikasema chukua.

Sasa njoo leo.

Umepakia kutwa nzima, na nilijikaza nisije. Nikasema ni mtu mzima, ni muuguzi, ameshaona vichwa vya watu vilivyofika kwake kutoka barabarani. Nilipokuja nikakuta kabati limelala mpaka karibu na gia, mtungi wa gesi umesimama juu ya kreti, televisheni imefunikwa shuka, na katikati ya vyote umemwachia Kezia kishimo. Amekaa mle anachekelea. "Bibi, nina pango!" Pango kweli. Kila ukuta wa pango lile ulikuwa kitu kinachosubiri ng'ombe avuke.

Nikakuuliza mkanda wake uko wapi. Ukasema umebanwa chini ya kabati, ila haidhuru kwa sababu mtoto mwenyewe amebanwa, hawezi kwenda popote. Eliza. Baba yako naye alikuwa amebanwa.

Na kabla sijajibu, shangazi yako akaingia na bodaboda wa pili nyuma yake amebeba. Gunia la karanga, ndoo, na jiwe la kusagia.

"Shikamoo shangazi," ukasema.

"Marahaba mwanangu. Msichana wa kwetu haendi ugenini bila jiwe. Mlenda wa karanga za mashine si mlenda, ni uji wa wagonjwa."

Mkacheka wote wawili. Na mimi nikaliona jiwe linapita mbele yangu mikononi mwa kijana wa bodaboda, na nikakusikia kwa sauti yangu mwenyewe, kwa neno langu mwenyewe, ukisema, "Weka tu, shangazi." Likawekwa nyuma, juu ya kila kitu, usawa wa kichwa cha mtoto.

Ndiyo maana nilipiga kelele. Si kwa sababu ya uzee, kama ulivyosema. Ukaniambia, "Mama, lina uzito, halitaruka." Mwanangu, uzito ndio unaoruka. Shuka ikiruka inakufunika macho tu.

Baada ya ninyi kwenda nilirudi uani nikaanza kutoa. Shangazi yako alikuwa barazani anakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Unatoa jiwe langu?"

"Natoa, wifi."

"Mbele ya macho yangu?"

"Ningelitoa nyuma ya macho yako ungesema nimeiba."

Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio mbaya. "Mama Eliza, tangu ndugu yangu afe, ni nani anayekuja kukuona hapa?"

"Ni wewe tu, wifi."

"Nani amekuja na unga wakati wa njaa?"

"Wewe."

"Na kesho huyu mtoto anaondoka."

"Najua."

"Basi kama jiwe langu halifai, na mimi sifai."

Nilimwambia ukweli, Eliza, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia, siku ile ya Mvumi nilipaswa kukukatalia, wifi, na sikukukatalia, na mimi na wewe tulimuua kwa adabu. Nilisema tulimuua, sikusema ulimuua. Lakini alisikia alivyosikia. Akajifunga kanga, akapiga simu kuita bodaboda, jiwe akaliacha palepale chini. Hakuaga. Mtu wa pekee aliyekuwa anafungua geti langu bila kubisha hodi ameondoka, na sidhani kama atarudi, namjua, ukoo wenu hamrudi.

Usinifikirie vizuri kwa hilo. Ningekuwa na akili hii wakati ina faida, baba yako angekuwa hapa anacheka jinsi pua ya kigari ilivyokuwa juu. Akili imekuja wakati hakuna tena mtu nyumbani wa kuitumia juu yake. Kesho jioni nitapika ugali wa mtu mmoja, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na nadhani nitakosea kipimo.

Nikuambie nilichofanya, usije ukashangaa. Kabati nimelitoa peke yangu, usiniulize kwa njia gani, mgongo wangu unajua. Litakuja kwa lori la mizigo, na kama halitakuja, nguo zitakaa kwenye begi. Mtungi nimeutoa, Njombe kuna gesi na mkaa. Godoro ulilofunga juu ya paa nimelishusha. Kiti cha nyuma nimekisimamisha chote, na ile mikanda nimeichomeka hata pale pasipokaa mtu, inakisaidia kiti kushikilia kilicho nyuma yake. Vilivyobaki vizito viko chini kabisa, vimeegemea mgongo wa kiti, na hakuna hata kimoja kilichozidi kimo chake. Kezia ana mkanda wake. Pango nimelibomoa, atalia, mwambie bibi ndiye aliyelibomoa.

Na hata hivyo sina amani. Sikudanganyi. Nyang'oro ina kona, malori yana madereva wasiolala, na wapo watu waliofunga kila kitu vizuri tukawazika. Sikuahidi kwamba ukifanya hivi mtafika. Nimeshaacha kuamini kwamba kuna mtu anayepokea malipo ya uangalifu wetu. Ninachojua ni kidogo zaidi ya hapo: kikitokea kitu, kisitoke ndani ya gari lako mwenyewe. Kisiwe kitu ulichokipakia kwa mikono yako, huku watu wazima wanatabasamu.

Barua hii naiweka kwenye kiti cha dereva, mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyefikiria kuweka gunia. Vitu nilivyovitoa nimevipanga barazani, na jiwe liko pale alipoliacha. Utaviona asubuhi. Unaweza kuvirudisha, nguvu unazo, na mimi za kukuzuia sina, hasa baada ya kabati.

Wakati wa kuondoka usinitafute mlangoni. Nitakuwa nimesimama nyuma ya gari, kule barabarani, natazama kioo cha nyuma. Nikikiona kichwa cha Kezia, nitawapungia mpaka mpotee. Nisipokiona nitageuka niingie ndani, na wewe usisimame kuniuliza kwa nini.

Ni mimi, mama yako, ambaye amejifunza kukataa akiwa amebaki na mtu mmoja tu wa kumkatalia.